Kuandaa mfumo wa kupasha nyumba joto kabla ya majira ya baridi

Kuandaa mfumo wa kupasha nyumba joto ni kazi ya ukaguzi na usafi inayofanywa kabla ya baridi kuanza katika nchi zenye majira ya baridi kali. Katika nusutufe ya kaskazini kazi hiyo hufanyika hasa mwezi Septemba au Oktoba. Makala hii inahusu Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila inayotumia gesi asilia.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Boila huchoma gesi na kupasha maji. Pampu huyasukuma maji hayo kupitia mabomba hadi kwenye radieta, yaani masanduku bapa ya chuma yanayofungwa ukutani. Maji yakishapoa hurudi kwenye boila yapashwe tena. Maji yanayozunguka ni yaleyale, wala si yale ya kuogea. Moshi wa boila hutolewa nje ya nyumba kwa bomba lake.

Wakati wa majira ya joto mfumo hukaa miezi kadhaa bila kuwashwa, na pampu au vali zinaweza kukwama. Kwa hiyo inafaa kuuwasha kwa muda mfupi mapema. Hitilafu ikionekana mwezi Septemba, fundi hupatikana kwa urahisi. Baridi kali ikishaingia, kila mtu anamtafuta yeye.

Radieta

Radieta ikiwa na joto chini lakini baridi juu, kwa kawaida ina hewa ndani. Hewa hiyo huzuia maji kujaa. Ili kuitoa, mfumo huzimwa na kuachwa upoe, kisha vali ndogo iliyo juu pembeni mwa radieta hufunguliwa kidogo kwa ufunguo wake maalumu. Hewa hutoka kwa mlio wa kufoka. Maji yakianza kutoka, vali hufungwa. Baada ya hapo ni lazima kutazama kipimo cha shinikizo la maji, kwa sababu kutoa hewa hulipunguza. Katika boila nyingi za kisasa, shinikizo linalofaa mfumo ukiwa baridi ni kati ya baa 1 na 1.5.

Hali ikiwa kinyume, juu moto na chini baridi, tatizo ni tope la kutu lililotuama. Hilo haliondoki kwa kufungua vali. Fundi huusafisha mfumo na kuongeza dawa ya kuzuia kutu.

Hatari ya monoksidi ya kaboni

Boila ambayo haipati hewa ya kutosha, au ambayo bomba lake la moshi limeziba au kupasuka, huweza kutoa gesi ya monoksidi ya kaboni ndani ya nyumba. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Watu wengi hudhani ni mafua, hasa kwa kuwa ni msimu wake. Dalili zinazopungua mtu akitoka nje na kurudi akiingia ndani, au zinazowapata wakazi wote kwa pamoja, ni ishara mbaya. Hapo inabidi kuzima boila, kufungua madirisha na milango, kutoka nje na kuomba msaada wa dharura.

Gesi hiyohiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kama vile Njombe na Limuru, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani usiku, na wapo waliofia usingizini. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi unaoonekana, lakini unaendelea kutoa gesi hiyo. Tena jiko halina bomba la kuipeleka nje.

Mafundi na sheria

Kazi ya boila ya gesi hairuhusiwi kufanywa na fundi yeyote tu. Tangu tarehe 1 Aprili 2009, mafundi wenye idhini huorodheshwa na Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya CORGI, nao hubeba kitambulisho ambacho mwenye nyumba anaweza kuomba kukiona. Mwenye nyumba ya kupangisha hulazimika kukaguliwa vifaa vyake vya gesi kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti. Huko Uingereza yenyewe, pasipo Uskoti na Wales, tangu Oktoba 2022 ni lazima pia aweke king'ora cha monoksidi ya kaboni katika chumba cha kuishi chenye boila.

Wakati wa barafu

Boila za kisasa hutoa maji kidogo yanayopitia bomba jembamba la plastiki hadi nje. Maji hayo yakiganda, boila hujizima. Bomba huyeyushwa kwa maji ya vuguvugu, si yanayochemka, na hukingwa mapema kwa kufunikwa na sponji maalumu. Wanaosafiri huacha mfumo ukiwaka kwa joto dogo, kwani maji hupanuka yanapoganda na kupasua mabomba.