Pasipoti Isiyofungua Mlango

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kijitabuni, leo twataka kueleza jambo ambalo mataifa mengi hushindana juu yake, nalo ni hili: ni nani aliye na haki ya kuingia katika nchi na kukaa humo, na ni nani awezaye kumkataza? Jambo hili likisemwa juu juu halishikiki vema. Kwa hiyo tumechagua kisa kimoja kilichotokea kati ya Kenya na Uingereza mwaka 1968.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Reli ya kutoka Mombasa hata ziwa la Nyanza ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na kwa kazi hiyo waliletwa watu zaidi ya 30,000 kutoka India kwa mkataba. Mikataba ilipokwisha wengi wao walirudi kwao, wakabaki kama 6,700. Wengi hudhani ya kuwa kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa mjenga reli, lakini sivyo. Wahindi walikuwa wakifanya biashara Unguja na Mombasa zamani sana kabla ya reli, na wengi wa wenye maduka ya bara walikuja baadaye kwa nauli zao wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962, watu wa asili ya Bara Hindi katika Kenya walizidi 176,000.

Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi kama vidato vya ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara ilikwenda hivyo, na shule, na hata vitanda vya hospitali. Mwafrika aliyetaka kufungua duka mjini, au kuwa karani mkubwa, alikuta kidato kile kimekwisha kukaliwa. Asiyekumbuka habari hii hawezi kuelewa kwa nini Serikali ya Kenya huru ilifanya yale tutakayoyaeleza.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Katiba ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, ambaye baba yake au mama yake pia alizaliwa humo, ni raia papo hapo. Wengine waliokuwa na haki ya kuomba uraia walipewa muda wa miaka miwili, na aliyeomba ilimpasa kuuacha uraia wake wa kwanza. Baadhi yao waliomba upesi, lakini wengi walisita. Tusiwahukumu kwa haraka, wala tusiwasifu. Wengine walitaka kuona kwanza nchi mpya itakuwaje. Wengine waliogopa kukiacha cheti kilichokuwa mkononi kabla ya kukishika kingine. Na wengine, yatupasa kusema kweli, hawakupenda kuwa chini ya Serikali ya Waafrika. Miaka miwili ikapita.

Hapa twaomba msomaji asome polepole, kwa maana ndipo fundo la kisa lilipo. Kwa sheria ya mwaka 1948, mtu wa koloni na mtu wa London walikuwa raia wa namna moja, na kila mmoja aliweza kuingia Uingereza bila kuzuiwa. Mwaka 1962 Uingereza ilitunga sheria ya kuwapunguza waingiao kutoka makoloni na nchi za Jumuiya ya Madola. Lakini sheria hiyo haikumgusa mtu ambaye pasipoti yake ilitolewa na Serikali ya Uingereza yenyewe. Sasa basi, kabla ya uhuru, pasipoti za watu wa Kenya zilitolewa na Serikali ya koloni. Kwa hiyo wenye nazo walizuiwa. Baada ya uhuru koloni haikuwako tena, na wale waliobaki raia wa Uingereza walipewa pasipoti na Balozi wa Uingereza aliyekaa Nairobi. Kwa njia hiyo, uhuru wa Kenya uliwafungulia mlango uliokuwa umefungwa.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria mbili. Moja ilimlazimu kila asiye raia kuwa na kibali cha kufanya kazi, na nyingine ilimpasa kuwa na leseni ya biashara, tena mahali pengine na bidhaa nyingine zikawekwa kwa raia peke yao. Tumfikiri mwenye duka katika mji mdogo wa bara, aliyezaliwa Gujarati na kukaa Kenya miaka thelathini. Kibali chake ni cha muda, leseni yake yaweza kukataliwa, na wanawe wako shuleni. India yasema kwamba mzigo wake ni wa Uingereza, kwa kuwa pasipoti ni ya Uingereza. Magazeti yasema kwamba London itafunga mlango karibuni. Je, angefanya nini? Aliuza mali yake kwa bei yo yote aliyopata, akakata tikiti. Katika Februari 1968 ndege zilizotoka Nairobi zilijaa watu wa namna hiyo, na kadiri walivyokwenda kwa haraka, ndivyo Waingereza wengi walivyozidi kutaka mlango ufungwe.

Katika Bunge la Uingereza mabishano yalikuwa makali. Bwana James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani, alisema kwamba watu wakija wengi kwa mara moja, nyumba na shule hazitatosha, na chuki ya rangi itazidi. Hoja ya nyumba na shule haikuwa ya bure. Lakini waliompinga waliuliza mbona mlango ufungwe kwa hawa tu. Katika waliopinga alikuwamo Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey. Lililo la ajabu zaidi ni mabishano ya watu wawili wa chama kimoja, ambao kila mmoja aliwahi kuwa Waziri wa Makoloni. Bwana Duncan Sandys, aliyekuwa waziri Kenya ilipopata uhuru, alitaka watu hao wazuiwe. Bwana Iain Macleod, aliyetangulia katika kazi hiyo, alisema kwamba watu hao waliahidiwa, na ahadi ni deni.

Mswada ulipita katika mabaraza yote mawili kwa siku tatu tu, ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Tangu siku hiyo pasipoti peke yake haikutosha. Ilimpasa mtu awe yeye mwenyewe, au baba, mama, babu au bibi yake, amezaliwa au ameandikishwa uraia katika Uingereza yenyewe. Sheria haikutaja rangi po pote. Lakini mjukuu wa Mwingereza aliyezaliwa Nairobi aliingia, na mjukuu wa Mhindi aliyezaliwa nyumba ya pili hakuingia. Walioachwa nje walitengewa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wenye jamaa zao. Waliokwenda bila kibali walirudishwa, wakatupwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hata mwingine kama mpira, kila nchi ikisema si wetu.

Baadhi yao walipeleka mashtaka Strasbourg, kwa Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1973 Tume iliona kwamba kuwabagua hivyo kwa ajili ya rangi kulikuwa kuwadhalilisha. Kabla ya hapo, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 watoke. Safari hii Uingereza iliwapokea zaidi ya 27,000, ijapokuwa baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwao. Wengi walikwenda Leicester vivyo hivyo.

Ama wale waliobaki na pasipoti ya Uingereza isiyo na mlango, bila uraia wa nchi nyingine yo yote, sheria ya mwaka 2002 ndiyo iliyowapa haki ya kuandikishwa kuwa raia kamili. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 sheria ya 1968 ilipopita, sasa alikuwa na 64.