Watoto wa baridi wanaposhuka bondeni: Jihadhari na homa ya baada ya likizo

Ndugu msomaji, shule zikifungwa mwezi Desemba, stendi za Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa hujaa watu. Akina mama wamebeba watoto mgongoni, akina baba wanahesabu mizigo, na watoto wanaulizana nani atakaa dirishani. Ni jambo jema. Mtoto anayemjua bibi yake na babu yake amepata utajiri ambao hauuzwi dukani.

Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tunajua pia kinachofuata. Mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, tunaanza kupokea watoto wenye homa kali. Wengi wao hawakuugua safarini. Waliondoka wazima, wakarudi wazima, na homa ikaanza wakiwa tayari nyumbani kwenye baridi yao. Kwa sababu hiyo mzazi haifikirii safari, na siku za thamani hupotea. Mwezi huu tuzungumzie safari za likizo na watoto wadogo, tangu maandalizi mpaka wiki za baada ya kurudi.

KWA NINI MTOTO WA NYANDA ZA JUU YUKO HATARINI?

Mji wa Mbeya uko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni takriban meta 1,500. Njombe na Makete ni juu zaidi. Malaria huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Vijidudu vya malaria vikiingia tumboni mwa mbu huhitaji siku kadhaa za joto ili vikomae. Kwenye baridi hukua polepole mno, na mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Ndiyo maana watoto wengi wa kwetu hukua bila kuugua malaria mara kwa mara.

Sasa tazama tunakokwenda likizo. Anayekwenda Kyela hupita Uyole na Tukuyu, kisha huteremka mpaka karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni takriban meta 500 tu. Anayekwenda Dar es Salaam kutoka Mbeya husafiri zaidi ya kilometa 800. Huteremka mlima Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, akapita Mikumi na Morogoro. Reli ya TAZARA nayo huacha baridi ya Makambako ikashuka kwenda Mlimba na Ifakara, katika bonde la Kilombero. Wengine huenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, au Pawaga na Idodi. Huko kote kuna joto, maji yaliyotuama na mbu wa kutosha.

Mtoto aliyezaliwa na kukulia bondeni huumwa na mbu hao tangu utotoni. Akiokoka miaka ya mwanzo, mwili wake hujifunza kupambana na malaria kwa kiasi fulani. Mtoto wetu wa baridi hana kinga hiyo hata kidogo. Kwake malaria yaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa siku moja au mbili.

Baba naye asijidanganye akisema, "Mimi nimekulia Kyela, malaria haikuniua." Kinga ya namna hiyo haimrithi mtoto. Tena hata yeye baba, akikaa miaka mingi kwenye baridi, kinga yake hupungua. Safari hii ni ya hatari kwake pia.

KABLA YA KUONDOKA

1. Pitia kliniki na kadi ya mtoto. Hakikisha amekamilisha chanjo zake kwa umri wake. Mwenye selimundu, moyo au pumu aonwe na tabibu kabla ya safari, na achukue dawa za kutosha siku zote za likizo. Mama mjamzito naye asisafiri bila kadi yake.

2. Beba chandarua chenye dawa, kamba na misumari michache. Usitegemee kwamba utakikuta huko. Nyumba ya bibi ikipokea wajukuu wanane kwa pamoja, vyandarua haviwezi kutosha.

3. Beba pakiti mbili tatu za ORS, dawa ya kutuliza homa kwa kipimo ulichoelezwa kliniki, na sabuni. Usimpe mtoto aspirini.

4. Beba nguo za namna mbili: sweta na kofia za kuondokea alfajiri, na nguo nyepesi za kushukia Kitonga.

NJIANI

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Hata hivyo, kwa mwenye watoto wadogo nashauri safari ya mchana. Mchana unaona barabara, unaona hali ya mtoto, na ukihitaji msaada utaupata kwa urahisi zaidi.

Mtoto mkubwa kidogo akatiwe kiti chake, afungwe mkanda. Najua nauli ni nzito, na wengi huwapakata watoto ili kuokoa fedha. Lakini basi likisimama ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto asirushwe. Wala usizungushe mkanda mmoja ukawafunga mama na mtoto pamoja, maana uzito wako wote utamponda yeye. Kama unampakata mtoto mchanga, jifunge mkanda wewe peke yako, kisha mfunge mtoto kwako kwa mbeleko iliyokazwa, na uchague kiti kisicho cha mbele kabisa. Mbeleko haitoshi kuwa mkanda, lakini ni afadhali kuliko mikono mitupu. Wenye gari lao wasimkalishe mtoto mdogo kiti cha mbele. Wenye uwezo wanunue kiti maalumu cha mtoto. Dereva akikimbia mno, abiria wana haki ya kumwambia apunguze mwendo. Sema kwa upole, lakini sema.

Kona za Kitonga huwatapisha watoto wengi. Mtoto ale chakula chepesi kabla ya kuondoka, kama uji au mkate, wala si chipsi na mayai yenye mafuta mengi. Akae mahali anapoweza kutazama mbele au mbali, na dirisha lifunguliwe kidogo. Akitapika, msubiri dakika kumi, kisha umpe maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Mnapoteremka bondeni, mvue sweta. Akina mama wengi huona mtoto amelala, wakamwacha na kofia, sweta na blanketi mpaka Mikumi, naye anatokwa jasho na kukauka maji. Anayenyonya anyonyeshwe kila mara anapotaka. Maziwa ya mama ni safi, yako tayari, na yanatosha bila maji mengine kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi sita. Wakubwa wanywe maji yaliyochemshwa nyumbani.

Basi likisimama, vyakula hupitishwa madirishani. Mahindi ya kuchoma yakiwa ya moto si mabaya. Ndizi mbivu unayoimenya mwenyewe ni salama zaidi. Jihadhari na nyama iliyopoa na matunda yaliyokatwa yakakaa wazi kwa inzi. Karanga na korosho usimpe mtoto chini ya miaka mitano ndani ya gari linaloyumba, maana zaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa.

Akianza kuharisha, changanya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi na umnyweshe kila anapoharisha. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi. Mkifika, mpeleke zahanati apewe pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

NYUMBANI KWA BIBI

Hapa ndipo panapohitaji busara. Bibi anataka kulala na wajukuu mkekani, na jioni wakae nje wakisimuliwa hadithi. Ukianza kufunga chandarua chako bila neno, yeye anaweza kudhani umeidharau nyumba yake. Basi keti naye mapema, umwambie kwa heshima: "Mama, watoto hawa wamezaliwa kwenye baridi, miili yao haiwajui mbu wa huku. Tusaidie tuwalinde, walale ndani ya chandarua, nawe ulale nao." Sijaona bibi anayekataa neno kama hilo. Tena yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa askari wa chandarua, na jua likizama atawaita waingie.

Mbu hawa huuma tangu giza linapoingia mpaka alfajiri. Jua likizama, watoto wavae mikono mirefu na suruali, na hadithi zisimuliwe ndani au karibu na mlango. Chandarua kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, na mtoto asilale akikigusa, maana mbu humuuma kupitia matundu. Kila usiku, pasipo kuruka hata mmoja. Usiku mmoja wa msibani au wa arusi bila chandarua unatosha kuleta ugonjwa.

Kwa wanaokwenda ziwani, mtoto asiachwe peke yake majini hata kwa muda wa kuchota ndoo moja. Na asiogelee palipotulia penye majani mengi, kwani konokono wa kichocho hupenda mahali pa namna hiyo.

MKISHARUDI: WIKI ZA KUANGALIA

Jambo hili ndilo ninalotaka ulikumbuke kuliko yote. Tangu mbu mwenye malaria amuume mtoto mpaka homa kuanza, hupita siku saba au zaidi. Mara nyingi ni wiki mbili, na yaweza kufika mwezi. Hesabu basi: mtoto aliyeumwa na mbu usiku wa Krismasi anaweza kuanza kuugua mkiwa mmesharudi Mafinga, sare zimeshonwa na shule zimefunguliwa. Kwa muda wa miezi mitatu baada ya kurudi, homa yoyote ihesabiwe kuwa yaweza kuwa malaria mpaka kipimo kionyeshe vingine.

Nitatoa mfano. Mtoto wa miaka mitatu aliletwa kwetu katika wiki ya tatu ya Januari. Alikuwa na homa ya siku nne. Nyumbani walidhani ni mafua ya mvua, na dukani wakauziwa dawa ya kikohozi. Hakuna aliyeuliza Krismasi walikula wapi. Alipofika kwetu viganja vyake vilikuwa vyeupe na alikuwa hawezi kukaa. Mama alipoulizwa alisema, "Tulikuwa kwa mama mkwe, Ifakara, wiki mbili." Kipimo kilionyesha malaria. Alichomwa sindano za artesuneti na kuongezewa damu, akapona. Kama angeletwa siku ya kwanza, vidonge vingetosha.

Kwa hiyo mtoto akipata homa, usisubiri iishe. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na ukifika sema mwenyewe, hata kama hukuulizwa: "Tulilala Kyela," au "Tulilala Morogoro, tumerudi tarehe fulani." Katika sehemu za baridi, mhudumu anaweza kufikiria vichomi kwanza. Neno lako moja litamkumbusha kupima damu. Kipimo cha haraka hutoa jibu katika dakika 15 hadi 20. Kama hakikuonyesha malaria na homa inaendelea, rudi upimwe tena.

Dawa ya malaria ya kawaida leo ni dawa mseto, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007. Klorokwini tuliyoizoea zamani iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vijidudu viliizoea. Usimpe mtoto vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini. Dawa mseto ina dozi sita katika siku tatu: ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtoto. Ampewe pamoja na chakula au maziwa. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe. Na amalize zote, hata kama siku ya pili anacheza.

DALILI ZA HATARI

Usingoje kesho ukiona mojawapo ya haya:
- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki vizuri au hakutambui;
- anapumua kwa shida au kwa haraka sana;
- viganja vimekuwa vyeupe, au mkojo ni mweusi kama kahawa.

Degedege si mashetani wala si kurogwa. Ukiliona, mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, wala usimfukizie moshi. Mkimbize kwenye kituo cha tiba kilicho karibu zaidi. Hata kama ni zahanati ndogo, anaweza kupewa dawa ya kwanza kabla ya kupelekwa hospitali.

Ndugu mzazi, usiache kuwapeleka watoto kwa bibi yao. Wapeleke, wakamjue, nao wajulikane. Ila andika tarehe mliyorudi katika kadi ya kliniki au kwenye kalenda ya ukutani, na mwalimu wa darasa la awali umwambie pia, ili mtoto akishikwa na homa shuleni asiachwe tu alale kwenye dawati. Nawatakieni safari njema.