Mulongo: Wanasoma jiografia kando ya Lualaba, lakini ramani bado ina mitego

Mwanafunzi wa Mulongo, katika jimbo la Haut-Lomami, hahitaji picha ya kitabuni ili aujue mto mkubwa. Lualaba unapita hapohapo. Tatizo huanza ramani inapofunguliwa: maji yanaelekea kaskazini, na kwa kuwa kaskazini huchorwa juu ya karatasi, ni rahisi kudhani kwamba mto unapanda mlima.

Kosa kama hilo lina gharama. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tano huchagua tahasusi yenye jiografia, kwa mfano HGL, au huiacha kabisa. Nchini Kongo somo hili humkuta hata aliyechagua biashara au ualimu, kwa kuwa maswali yake yamo katika sehemu ya maarifa ya jumla ya mtihani wa serikali. Tena, elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za umma. Sekondari mzazi bado analipa, na mtoto akianguka, anaulipia mwaka uleule mara ya pili.

Wanaokosea kuhusu Lualaba wasione haya. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akidhani huenda mto huo ndio Nile. Stanley aliufuata hadi karibu na bahari, akafika Boma Agosti 1877, na ubishi ukaisha: Lualaba ndio Kongo, mto unaovuka ikweta mara mbili.

Saa nazo zina mtego wake. Kinshasa ikiwa saa 2 asubuhi, Mulongo ni saa 3. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Mulongo iko karibu na nyuzi 27 mashariki, Kinshasa karibu na 15. Tofauti ni nyuzi 12, yaani dakika 48 za jua, ila serikali imeifanya saa nzima. Aliyewahi kusikiliza taarifa ya habari ya Kinshasa akiwa Mulongo ameshafanya nusu ya hesabu hiyo, pengine bila kujua.

Mtego mkubwa zaidi ni wa majina. Ramani nyingi za utawala zilizochapishwa miaka michache kabla ya 2015 zinaonyesha Katanga moja na nchi yenye majimbo 11, Kinshasa ikiwemo. Leo ni 26. Katanga ilizaa Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, ambayo makao yake makuu ni Kamina. Mwalimu mwenye ramani ya zamani hana sababu ya kuitupa: mito na milima haikuhama, na mipaka mipya huchorwa kwa kalamu katika kipindi kimoja. Asisahau tu kuwauliza wanafunzi wake swali hili: Mto Lualaba unapita Mulongo, je, Mulongo iko katika jimbo la Lualaba? Haiko. Makao makuu ya jimbo hilo ni Kolwezi.