Figo ya Kupewa na Kifua Kikuu

Mwaka 2017, huko Muhimbili, Dar es Salaam, mgonjwa alipandikizwa figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania.

Mitumbwi ya mwaloni ina mlinzi. Mwili nao una walinzi. Wao hudhani figo ya kupewa ni mwizi. Kwa hiyo mgonjwa hunywa kila siku dawa za kuwapunguza nguvu. Lakini mlinzi akisinzia, mwizi wa kweli aliyejificha hutoka. Ndivyo kifua kikuu kilicholala mwilini kinavyoweza kuamka.

Basi wewe mwenye figo ya kupewa, ukikohoa, ukipata homa, ukikonda au ukitokwa jasho usiku, usingoje. Nenda hospitali, hapa Mwanza iko Bugando. Usiache dawa za figo kwa shauri lako. Mwonyeshe daktari dawa zote, kwa maana baadhi ya dawa za kifua kikuu huzipunguza nguvu. Kifua kikuu hupona.