Dawa Isiyomngoja Mtu: Iodini ya Mionzi na Tezi ya Shingo

Katika kombania yetu ya makadeti alikuwamo kijana mmoja ambaye sitamtaja jina, mrefu, mchangamfu, mwepesi wa mbio kuliko wengi wetu. Muhula wa pili ulipofika akaanza kukonda. Ajabu ni kwamba alikuwa akila kutushinda sote: akimaliza posho na maharage yake, huomba na mabaki ya wenzake. Usiku alitupa blanketi huku akitokwa jasho, ilhali sisi tulijikunyata kwa baridi. Siku ya shabaha mikono yake ilitetemeka hata mdomo wa bunduki ukawa unachora duara hewani. Mkufunzi alimnusa kinywa asipate harufu yoyote, lakini akaandika vivyo hivyo kwamba kadeti huyo ni mlevi wa waragi. Akapewa adhabu ya kukimbia na mfuko wa mchanga mabegani. Siku ya tatu akaanguka.

Mganga wa kambi, koplo mmoja mtu mzima aliyezoea kusema kwa sauti ya chini, alimshika kifundo cha mkono na kuitazama saa yake. Mapigo ya moyo yalikuwa 140 kwa dakika, na mgonjwa amelala chali kivulini. "Afande," akamwambia mkufunzi, "huyu hakulewa. Huyu ana maradhi ya tezi."

Ndugu msomaji, yawezekana hata leo yupo askari katika kikosi chako ambaye mikono inamtetemeka, macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuka, hasira zimemzidi na suruali zinamvuka kiunoni, na wakubwa wake wamekwisha kumhukumu kwa chupa asiyoinywa.

Tezi tunayoizungumzia hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, imelikumbatia koo la hewa kwa mbawa mbili mfano wa kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni kama gramu 20 tu, lakini amri zake hufika kila pembe ya mwili mithili ya amri za makao makuu: moyo upige kwa kasi gani, chakula kiunguzwe upesi kiasi gani, mwili uwe na joto au ubaridi. Amri zikipungua, mtu huwa mzito, mvivu, mwenye usingizi na baridi. Zikizidi, mwili mzima hukimbia mbio bila kupumzika, kama ulivyokimbia mwili wa mwenzetu. Maradhi hayo huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na pengine ndiyo sababu ilikuwa vigumu kwa mkufunzi kuyawazia kwa kijana mwenye kifua kipana.

Ili kutengeneza amri hizo tezi huhitaji iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ukikusanya mahitaji ya mtu aliyeishi miaka 70, hayafiki gramu 4, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Hata hivyo kijiko hicho kimekuwa adimu sana hapa Uganda. Mvua za miaka elfu nyingi zimeiosha iodini kutoka katika udongo wa milimani, na chumvi ya asili ya Katwe na ya Kibiro, iliyochotwa na wazee wetu tangu enzi za wafalme, haikuwa imetiwa iodini. Tezi inayokosa chakula chake hujitanua ikitafuta zaidi, na uvimbe huo ndio rovu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1991 miongoni mwa wanafunzi wa shule katika wilaya kadhaa ulionyesha kwamba takriban 74 kwa mia walikuwa na rovu, kubwa au dogo. Katika miaka ya 1990 serikali ikaamuru chumvi ya mezani itiwe iodini. Uchunguzi wa mwaka 1999 ulikuta idadi imeshuka hadi kama 60 kwa mia, na miaka iliyofuata zaidi ya nyumba 95 katika kila 100 zilikuwa zikitumia chumvi hiyo.

Lakini rovu kuukuu halina shukrani. Katika miaka hiyo ya 1990, huko Kivu, mashariki ya Kongo, mahali ambapo askari wetu wengi wanapafahamu kwa miguu yao, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa ghafula baadhi ya watu wazima wenye rovu la miaka mingi waliugua tezi iliyozidi kasi. Tezi zilizozoea njaa zililetewa karamu, zikala kupita kiasi. Zimbabwe nayo iliyaona hayo hayo. Madaktari hawakusema chumvi iondolewe, maana faida yake kwa watoto walio tumboni ni kubwa mno. Walisema wagonjwa watafutwe na kutibiwa.

Dawa yenyewe ni nini? Kuna vidonge vya kutuliza tezi, navyo ndivyo alivyoanzishiwa mwenzetu. Kuna kisu cha daktari wa upasuaji. Na kuna njia ya tatu, ambayo kwa mtu wa kazi yetu inaeleweka upesi kuliko kwa raia, kwa kuwa ni mbinu ya kivita: kumpenyeza mtu wako ndani ya ngome akiwa amevaa sare ya wenyeji na kulijua neno la siri. Tezi haiwezi kutofautisha iodini ya kawaida na iodini yenye mionzi. Zote huzifungulia lango na kuzihifadhi ghalani. Iodini ya namba 131 ikishaingia humo, hutoa mionzi ambayo sehemu yake kubwa ya kuua haisafiri zaidi ya milimita mbili hivi katika nyama ya mwili. Huunguza chembe za tezi zilizoikaribisha, na jirani zake hawaguswi sana. Mgonjwa humeza kidonge kimoja kwa maji, au hunywa maji yasiyo na ladha, akaenda zake. Hakuna sindano wala mshono.

Iodini hiyo ya 131 iligunduliwa mwaka 1938 huko Berkeley, California, na wanasayansi Glenn Seaborg na John Livingood. Baadaye mama mzazi wa Seaborg alitibiwa kwayo. Daktari Saul Hertz wa Boston ndiye aliyetangulia kumpa mgonjwa wa tezi iodini ya mionzi, tarehe 31 Machi 1941. Taarifa ya Samuel Seidlin wa New York, iliyotolewa mwaka 1946, ilionyesha kwamba saratani ya tezi iliyokwisha kusambaa mwilini nayo huweza kuifuata iodini hiyo na kuteketea. Mwaka huo huo kinu cha Oak Ridge, kilichojengwa wakati wa mpango wa bomu la atomiki, kilianza kutoa vitu vya mionzi kwa ajili ya hospitali na watafiti.

Kuhusu saratani lazima nifafanue, maana wengi huchanganya. Dawa hii haitibu kila saratani. Hutibu zile saratani za tezi ambazo chembe zake bado zinakumbuka kazi yake ya kula iodini, na kwa bahati njema hizo ndizo zilizo nyingi. Kwanza tezi huondolewa kwa upasuaji. Kisha mgonjwa hukaa wiki moja au mbili akiepuka chakula chenye iodini, pamoja na ile chumvi niliyoisifu hapo juu, ili chembe zilizobaki zishikwe na njaa. Ndipo hupewa kidonge, nacho huzitafuta chembe hizo shingoni, katika mapafu, hata ndani ya mifupa. Kwa tezi iliyozidi kasi kipimo huwa kama milikyuri 10 au 15. Kwa saratani huanzia 30, na huweza kufika 200. Mwenye kupewa kipimo kikubwa hufungiwa siku chache katika chumba chenye kuta za kuzuia mionzi. Baadaye wengi hutumia kidonge cha thairoksini kila asubuhi maisha yao yote, kwani makao makuu yamekwisha kuvunjwa na mtu mwingine hana budi kutoa amri. Mama mjamzito hapewi dawa hii kamwe. Anayenyonyesha huacha kwanza, na mwanamke aliyetibiwa hungoja angalau miezi sita kabla ya kushika mimba.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Dawa nyingi huwekwa kabatini zikangoja mgonjwa. Hii haingoji. Kila siku 8 nusu ya nguvu yake hupotea, iwe imemezwa au ingali katika kasha. Ikitoka kinuni na milikyuri 100, baada ya siku 8 zimebaki 50, na baada ya siku 16 zimebaki 25. Kinu kimojawapo kinachoitengeneza barani kwetu ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, na kutoka huko hadi Ziwa Victoria ni mwendo wa saa chache kwa ndege. Lakini kasha likilazwa bohari kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu jioni kwa sababu mwenye muhuri amekwenda kijijini, karibu robo ya dawa imekwisha kuyeyuka, wala hakuna mwizi aliyeigusa. Na mgonjwa anayeingoja huenda amekwisha kukaa wiki mbili bila chumvi, na wiki tatu bila thairoksini, amevimba uso na kuchoka, akihesabu siku.

Hapa Kampala, Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago ina idara ya tiba ya nyuklia, na uchunguzi wa tezi umekuwa miongoni mwa kazi zake. Wagonjwa wengine wamesafiri hadi Nairobi, au hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au India. Tulionja uchungu wa kutegemea chombo kimoja mwaka 2016, mashine ya kobalti iliyonunuliwa mwaka 1995 ilipoharibika Mulago, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Ile ni mashine ya kumulika mionzi kutoka nje ya mwili, tena kobalti yake hudumu miaka. Iodini haitaji mashine kubwa ya kumulika. Huhitaji ratiba isiyovunjika, na ratiba hiyo hupita mikononi mwa watu wengi wasio madaktari: wa forodha, wa uwanja wa ndege, na askari wa vizuizi vya barabarani.

Kasha la dawa hii hubeba alama ya manjano yenye mapanga matatu meusi mfano wa feni, pamoja na karatasi zake. Limeundwa ili anayesimama karibu nalo kwa muda mfupi asidhurike. Lisifunguliwe, lisikaliwe, lisitiwe chini ya benchi la walinzi usiku kucha. Karatasi zikaguliwe na gari lipite. Ukiona mashaka ya kweli, wenye mamlaka ni Baraza la Nishati ya Atomiki, lililowekwa chini ya sheria ya mwaka 2008.

Na mgonjwa akirudi kambini? Hapo ndipo kambi zetu zinapopungukiwa. Daktari humwagiza alale peke yake, ajitenge na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu kwa kadiri ya kipimo alichomeza, anywe maji mengi, awe msafi sana chooni, kwa sababu sehemu kubwa ya iodini hutoka kwa mkojo. Maagizo hayo ni mepesi kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Koplo wa polisi anayeishi na mke na watoto wanne ndani ya yunipoti moja ya mabati atalala wapi? Jambo la watoto halina mzaha: baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, mwezi Aprili 1986, maelfu ya watu waliokunywa maziwa yenye iodini hii walipokuwa wadogo walipata saratani ya tezi miaka iliyofuata. Tezi ya mtoto hula iodini kwa pupa. Mionzi anayotoa mgonjwa wetu hailingani hata kidogo na ile ya Chernobyl, lakini ndiyo sababu daktari anasisitiza. Kamanda aliyefahamishwa mapema huweza kumpa mgonjwa stoo tupu, au likizo, au hema. Mwenzetu alipewa stoo. Mkewe alimletea chakula hadi mlangoni, na mtoto alimpungia mkono kupitia dirishani kwa siku kumi na nne.

Alikuwa ametibiwa katika nchi jirani, baada ya vidonge kumtuliza na tezi kuasi tena. Alikuwa amekwisha kuvaa nyota zake, nyuma yetu kwa kundi moja. Hospitali ilimpa barua ya kueleza jina la dawa, kipimo na tarehe, kwa kuwa mtu aliyemeza iodini hii huweza kulizusha king'ora cha vyombo vya kupima mionzi kwa wiki kadhaa, na vilivyo vikali hata kwa miezi mitatu. Alipokuwa akipita katika kiwanja kimoja cha ndege, chombo kikalia. Wakampekua mkoba, wakampekua viatu, wakamvua mkanda, na chombo kikaendelea kulia. Akaonyesha barua yake. Mlinzi, kijana mdogo, aliisoma mara mbili, akampigia mkubwa wake simu, akairudisha kwa ncha za vidole, kisha akampigia saluti safi kabisa, lakini kwa mbali.