Ugonjwa wa Mapafu Unaoanzia Tumboni

Ikitajwa sistiki faibrosisi, wengi hufikiria mapafu: kikohozi kisichoisha na makohozi mazito. Lakini wapo watoto ambao dalili yao ya kwanza hutokea kabla hawajakohoa hata mara moja. Mtoto amezaliwa, siku inapita, choo hakitoki. Kinyesi chake cha kwanza kimeganda kama gundi na kuziba utumbo mwembamba, na wengine hulazimika kupasuliwa.

Chanzo ni hitilafu katika jeni ya CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989 kwenye kromosomu namba 7. Anayeugua amerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama pia. Jeni hii huzalisha protini inayopitisha chumvi na bikaboneti kwenye utando wa utumbo, mapafu na kongosho. Njia hiyo ikiziba, maji nayo hayapiti, na ute hugeuka kuwa mzito na wa kunata.

Mwaka 1992, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walizalisha panya ambao jeni hiyo imezimwa. Mapafu yao hayakuugua kama ya binadamu. Kilichowaua wengi ni kuziba kwa utumbo.

Baadaye Robert De Lisle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas walichunguza utumbo wa panya wa aina hiyo ili kuona jeni zipi zinafanya kazi kupita kawaida. Wakakuta jeni za kinga na za uvimbe zimepamba moto, ilhali zenyewe ni nzima kabisa. Bakteria kwenye utumbo mwembamba walizidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya mara 40. Panya walipopewa antibayotiki, bakteria walipungua, jeni za uvimbe zikatulia, na wanyama wakaongezeka uzito. Hata dawa ya kulainisha choo, katika majaribio yaliyofuata, ilipunguza ute na bakteria.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito. Tukisikia ugonjwa ni wa kurithi, tunakata tamaa upesi. Kumbe jeni iliyoharibika ni moja tu; nyingi kati ya zile nyingine zilikuwa zikiitikia uchafu uliokwama, na utumbo ulipopata nafuu, nazo zikashusha kelele. (Panya si mtu, bila shaka.)

Na kwa kuwa dalili za ugonjwa huu si za mapafu tu, mzazi ambaye mwanawe anakula vizuri lakini haongezeki uzito, choo chake kina mafuta na jasho lake lina chumvi kupita kiasi, amweleze daktari yote hayo kwa pamoja, asiishie kwenye kikohozi.