Mwewe au kipanga? Tutazame mkia

Kifaranga kimoja ni sehemu ya minervali ya mtoto. Kikinyakuliwa, tunapiga kelele na watoto wanarushia kila ndege mawe. Tutazame kwanza.

Mwewe, yule anayezunguka juu ya ndagala zilizoanikwa kando ya ziwa hapa Uvira, ni wa kahawia; mkia wake una panda, naye huupindapinda akiruka. Kipanga ana mabawa mafupi na mkia mrefu usio na panda. Hujificha mtini, kisha hutokea ghafula. Hao wawili huiba vifaranga.

Tai mwenye kichwa cheupe hutafuta samaki. Yule mweupe wa kwenye michikichi hupenda matunda yake. Tusiwalipishe deni la wengine. Vifaranga tuvifunike kwa kitunga mpaka vikue.